Kuanzisha na Kutunza: Historia Fupi ya Tovuti za Lugha katika Vyuo Vikuu, kwa Mtazamo wa Mpakani Angurai

UTANGULIZI

Angurai ni eneo la Waiteso lililoko kaskazini ya mji wa Malaba, katika Kaunti ya Busia, karibu kabisa na mpaka wa Kenya na Uganda. Mwenyeji wa huko husema Kiteso nyumbani kwake, husikia lugha za jamii ya Kiluhya kwa majirani zake, hununua na kuuza kwa Kiswahili, na watoto wake hufundishwa Kiingereza na Kiswahili shuleni. Akivuka daraja la Malaba kwenda Tororo, hukikuta Kiteso kile kile, lakini chini ya sheria nyingine za lugha. Hali hiyo haikuletwa na maumbile. Mwaka 1902 Waingereza walilitoa Jimbo la Mashariki la Uganda na kulitia katika Himaya ya Afrika Mashariki, ambayo baadaye iliitwa Kenya. Mpaka uliotokana na hatua hiyo uliwaacha Waiteso wengine Kenya na ndugu zao Uganda.

Watu waliogawanywa namna hiyo wanahitaji mahali pa pamoja pa kuwekea maarifa ya lugha zao. Kwa muda mrefu mahali hapo palikuwa kitabu. Katika muongo wa mwisho wa karne ya 20 palipatikana mahali pengine, yaani tovuti, na waliotangulia kupajenga walikuwa vyuo vikuu. Makala haya yanakusudia kueleza kwa ufupi jinsi vyuo vikuu vilivyoanzisha tovuti za lugha, hasa za Kiswahili, na jinsi vilivyozitunza au kushindwa kuzitunza. Hoja yake kuu ni kwamba historia ya kuanzisha imesimuliwa mara nyingi, ilhali historia ya kutunza, iliyo ngumu zaidi na yenye mafunzo zaidi, haijapewa haki yake. Wahenga walikwisha kusema kwamba kuzaa si kazi, kazi ni kulea.

ENZI YA KARATASI

Kazi ya kukusanya na kusanifisha Kiswahili ilipewa chombo maalumu mwaka 1930, ilipoundwa Kamati ya Lugha ya Afrika Mashariki iliyoshirikisha Kenya, Uganda, Tanganyika na Unguja. Kamati hiyo haikuwa na kikao kimoja cha kudumu. Makao yake yalikuwa Dar es Salaam, kisha Nairobi, kisha Makerere, kisha Mombasa, na hatimaye yakarudi Dar es Salaam. Mwaka 1964 ikageuzwa kuwa Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili, na mwaka 1970 Taasisi hiyo ikawa sehemu ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Mwaka 2009 ikapanuliwa na kuitwa Taasisi ya Taaluma za Kiswahili.

Yafaa kuzingatia kwamba kuhamahama huko hakukuua kazi. Jarida la Kamati, lililoanza 1930 na kubadili jina mara kadhaa hata likaitwa Kiswahili, lilikuwa limekwisha kutawanyika katika maktaba nyingi. Kamusi ya Frederick Johnson ya 1939 ilikuwa imekwisha kuingia madarasani. Ofisi iliweza kufungwa Nairobi na kufunguliwa Makerere pasipo msomaji kupotewa na hata ukurasa mmoja.

Kwa upande wa Kiteso mambo yalikwenda hivyo hivyo, japo kwa kiasi kidogo. J. H. Hilders na J. C. D. Lawrance walitoa kitabu cha utangulizi wa lugha hiyo mwaka 1956, kisha wakatoa msamiati wa Kiingereza na Kiteso mwaka 1958. Nakala ya msamiati huo, iwapo imo kabatini, bado yasomeka leo hata kama hakuna aliyeifungua tangu siku ya Uhuru. Hii ndiyo sifa kubwa ya karatasi: huvumilia kusahauliwa. Mchwa na mvua ni adui zake, lakini haidai ada ya kila mwaka wala haihitaji mtu wa kuiamsha kila asubuhi.

MTANDAO WAFIKA VYUONI

Mwanzoni mwa miaka ya 1990 vyuo vikuu vya Nairobi, Makerere na Dar es Salaam, pamoja na vya Zambia na Zimbabwe, viliunganishwa katika mradi wa majaribio ulioitwa ESANET, uliopata msaada kutoka Kanada. Utaratibu wake ulikuwa wa kukusanya na kupeleka: barua ziliandikwa mchana zikawekwa katika kompyuta ya chuo, kisha kompyuta hiyo ikapiga simu kwa kompyuta nyingine na kuzipeleka kwa fungu. Mtu wa Makerere aliweza kumwandikia mwenzake wa Nairobi na kupata jibu baada ya siku moja au mbili. Hiyo haikuwa tovuti, lakini ndiyo iliyowazoesha wanavyuo wa Afrika Mashariki wazo kwamba kompyuta ya chuo chao yaweza kuwa posta.

Wakati huo huo huko Ulaya, Tim Berners-Lee alikuwa amependekeza utaratibu wa wavuti mwaka 1989 katika kituo cha CERN, karibu na Geneva, na tarehe 30 Aprili 1993 kituo hicho kiliuachia utaratibu huo utumiwe na watu wote pasipo malipo. Hapana shaka kwamba uamuzi huo ndio uliowezesha idara ndogo za vyuo vikuu kujijengea tovuti bila kununua haki kwa kampuni yoyote.

Kenya ilipata muungano kamili wa intaneti mwaka 1995. Mwaka 1999 vyuo vikuu vya Kenya vilianzisha mtandao wao wa elimu, KENET, ili kugawana gharama. Hata hivyo njia ya kwenda nje ilikuwa satelaiti, nayo ilikuwa ghali na ya polepole. Hata barua kutoka kampuni moja ya Nairobi kwenda kwa kampuni jirani ilipanda angani, ikashuka Ulaya au Marekani, kisha ikarudi. Kituo cha kubadilishana mawasiliano humo humo nchini kilifunguliwa Novemba 2000, kikafungwa kwa amri baada ya majuma machache, na kikaruhusiwa tena Februari 2002.

Jambo hili lina uzito mkubwa katika historia inayosimuliwa hapa. Kwa msomaji wa Busia wa wakati huo, seva iliyokuwa Marekani ilikuwa karibu zaidi kuliko iliyokuwa Dar es Salaam. Wanaouliza kwa uchungu kwa nini hazina za kwanza za Kiswahili katika mtandao ziliwekwa ughaibuni hawana budi kuikumbuka hali hiyo. Palipokuwa na waya, umeme usiokatika na kompyuta iliyowaka usiku kucha, ndipo kazi ilipofanyika.

Hali hiyo ilianza kubadilika mwaka 2009, nyuzi za TEAMS, zinazotoka Fujairah katika Ghuba, na zile za SEACOM zilipofika Mombasa. Uganda haina pwani, kwa hiyo sehemu kubwa ya mawasiliano yake yapitia Kenya, na milango yake mikuu ni Malaba na Busia. Njia hiyo si ngeni. Reli iliyofika Kampala mwaka 1931 ilipita Malaba, na malori yanayopanga foleni huko yafuata mkondo ule ule. Maarifa ya nchi mbili sasa yapita karibu na Angurai, ndani ya waya, kila dakika. Lakini kupitiwa na mzigo si kuupokea.

MRADI WA KAMUSI KATIKA CHUO KIKUU CHA YALE

Mwishoni mwa mwaka 1994 Martin Benjamin, aliyekuwa mwanafunzi wa anthropolojia katika Chuo Kikuu cha Yale, alianzisha Mradi wa Kamusi chini ya masomo ya Kiafrika ya chuo hicho, pamoja na Ann Biersteker, mwalimu wa Kiswahili. Nia yake ilikuwa kutengeneza kamusi hai ya Kiswahili na Kiingereza, ambayo ingekua kila siku na ambayo mtu yeyote angeweza kuitumia bila malipo. Ikumbukwe kwamba wakati huo wavuti ulikuwa na umri wa miaka michache tu, na ensaiklopidia za kuandikwa na umma zilikuwa hazijazaliwa.

Kiswahili kilikuwa na bahati moja. Kwa kuwa hati yake ya Kilatini haina alama juu ya herufi, maneno yake yaliweza kuandikwa kwa seti ndogo ya herufi iliyokuwamo katika kila kompyuta tangu miaka ya 1960. Kikikuyu, chenye irabu zinazohitaji alama, na Kiswahili cha hati ya Kiarabu vilipaswa kusubiri mfumo wa Unikodi, uliotolewa kwanza mwaka 1991 na kuenea polepole.

Utaratibu wa Mradi ulikuwa wa ushirika. Mtumiaji aliyeona neno limekosekana, au maana imekosewa, aliweza kupendekeza masahihisho, na mhariri akayapima kabla ya kuyakubali. Kwa njia hiyo mwalimu wa Tanga na mwanafunzi wa Chicago waliweza kufanya kazi katika kidahizo kimoja. Hapa ndipo tofauti kati ya kuanzisha na kutunza inapodhihirika. Kuanzisha kulihitaji mtu mmoja mwenye bidii na nafasi katika seva ya chuo. Kutunza kulihitaji mhariri wa kusoma mapendekezo kila wiki, fundi wa kurekebisha programu kila mfumo ulipobadilika, na fedha za kuwalipa wote wawili. Misaada ya utafiti kwa desturi hutolewa kwa miaka michache na hupenda jambo jipya. Hakuna mfadhili anayefurahia kuandika katika taarifa yake kwamba fedha zake zimetumika kuhakikisha kuwa kilichokuwapo mwaka jana kipo bado mwaka huu.

Baadaye Mradi uliondoka Yale, ukawa shirika la kujitegemea lisilo la faida, na ukapanua nia yake hata kutaka kuzihudumia lugha nyingi za dunia. Anuani ya zamani iliyokuwa imeandikwa katika vitabu vya kufundishia haikumfikisha tena msomaji palepale. Tukio hilo lafanana na kuhama kwa Kamati ya Lugha kutoka mji mmoja hadi mwingine, ila kwa tofauti moja: safari hii wasomaji hawakuwa na nakala makabatini.

HELSINKI: NJIA YA HAZINA

Katika Chuo Kikuu cha Helsinki, Arvi Hurskainen alifuata njia nyingine. Kuanzia miaka ya 1980 alishughulika na uchanganuzi wa maneno ya Kiswahili kwa kompyuta, na mwaka 1992 alichapisha maelezo ya utaratibu wake katika toleo la kwanza la jarida la Nordiki la taaluma za Kiafrika. Programu yake iliweza kulitenga neno kama 'hawakumwandikia' katika viambishi vyake vyote. Alishirikiana pia na watafiti wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam katika kukusanya mapokeo simulizi.

Kazi hiyo ilizaa mkusanyo wa matini za Kiswahili ambao toleo lake la kwanza lilikuwa na maneno yapatayo milioni 12, na toleo la pili, la mwaka 2016, lapata milioni 25. Jambo la kuzingatia hapa ni mahali ulipowekwa kuliko ukubwa wake. Mkusanyo uliwekwa katika Benki ya Lugha ya Ufini, ambayo ni huduma ya kitaifa yenye watumishi wake, utaratibu wa leseni na wajibu wa kuhifadhi. Profesa hustaafu, idara huunganishwa na nyingine, lakini Benki hubaki na orodha ya vitu vilivyomo. Kwa maneno mengine, aliyeanzisha hakulazimika kuwa mlezi wa milele. Kazi ya ulezi ilikabidhiwa kwa chombo kilichoundwa kwa ajili hiyo.

ENSAIKLOPIDIA NA MASHINDANO

Njia ya tatu haikuwa ya chuo kimoja. Wikipedia ya Kiswahili ilianzishwa mwaka 2003, na kwa miaka mingi ilibebwa na kundi dogo la wachangiaji wa kujitolea. Mwishoni mwa mwaka 2009 kampuni ya Google iliandaa shindano kwa wanafunzi wa vyuo vikuu vya Kenya na Tanzania, likawa na zawadi kwa walioandika makala nyingi na bora. Makala mengi yalipatikana kwa muda mfupi. Shindano lilipokwisha, wengi wa waliokuwa wakiandika hawakuendelea, na kazi ya kusahihisha waliyoyaacha ikawarudia wale wachache waliokuwapo kabla.

Haingekuwa haki kuwalaumu wanafunzi hao. Waliitwa kuanzisha, nao walianzisha. Hakuna aliyewaita kutunza, wala hakuna idara iliyoifanya kazi hiyo kuwa sehemu ya mtaala. Mwanafunzi aliyehariri makala mia moja hakupata alama hata moja katika matokeo yake.

SUALA LA ISTILAHI

Haikuwezekana kujenga tovuti kwa Kiswahili bila kupata maneno ya kuitajia. Kwa kompyuta palipendekezwa 'ngamizi', neno ambalo halikupata mashiko, labda kwa kuwa sikio la wengi lililihusisha na kuangamiza. Nchini Kenya 'tarakilishi', lililoundwa kwa kuunga tarakimu na akili, liliingia vitabuni, lakini sokoni na ofisini 'kompyuta' ndilo lililobaki. 'Wavuti' lilitegemea wavu, nalo likapendeza kwa kuwa maana yake yaonekana. 'Tovuti' likatwaa kazi ya kutaja kituo kimoja ndani ya wavuti, na likakaa vyema katika ngeli ya N: tovuti hii, tovuti hizi. Mwaka 2004 programu za ofisi zilizopewa jina la Jambo OpenOffice zilitolewa kwa Kiswahili kwa juhudi za Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na wenzake wa Sweden, na orodha ndefu ya istilahi ikapatikana humo.

Yafaa ionekane kwamba istilahi za kuanzisha zilipatikana upesi: kufungua, kuzindua, kupakia. Istilahi za kutunza bado zasuasua. Kazi ya kuweka nakala ya akiba, ya kuhamisha data kutoka mfumo mkuukuu hadi mpya, na ya kulipia jina la kikoa kila mwaka, hutajwa kwa maelezo marefu au kwa Kiingereza. Lugha yenyewe yaonyesha ni kazi ipi iliyopewa heshima.

KINACHOHITAJIWA NA TOVUTI

Ni vizuri kubainisha mambo ambayo tovuti ya idara huyadai. Jina la kikoa hukodiwa, wala halinunuliwi moja kwa moja, na ada yake isipolipwa hupotea, pengine likachukuliwa na mfanyabiashara asiyejua Kiswahili. Seva huhitaji umeme, ubaridi na mtu wa kuitazama. Programu zina nyufa ambazo wavunjaji huzitafuta, na zisipozibwa kwa wakati tovuti huvamiwa. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Nywila ikishikwa na mtu mmoja, naye akapata kazi kwingine, milango hufungwa hata kwa wenye nyumba. Chuo kikibadili jina au hadhi, anuani hubadilika, na viungo vyote vilivyotajwa katika tasnifu huwa havielekei popote.

Mfano wa mabadiliko hayo upo jirani na Angurai. Alupe, iliyoko kwenye barabara ya kutoka Busia kwenda Malaba, ilikuwa na chuo kikuu kishiriki chini ya Chuo Kikuu cha Moi tangu 2015, na mwaka 2022 kikapewa hati ya kujitegemea. Hatua kama hiyo ni ya kufurahiwa na watu wa Busia, kwa kuwa mtoto wa Angurai sasa aweza kusoma chuo kikuu bila kuondoka katika kaunti yake. Lakini kila chuo kinachopanda ngazi hukabiliwa na swali lile lile: kumbukumbu zilizowekwa chini ya jina la zamani zitabebwa na nani?

HITIMISHO

Historia iliyoelezwa yaonyesha mambo matatu. Kwanza, mahali pa tovuti za lugha hapakuamuliwa na mapenzi ya lugha peke yake, bali na njia za waya na uwezo wa umeme. Sababu iliyozipeleka hazina za Kiswahili Yale na Helsinki ilikuwa ya kweli mwaka 1994. Tangu nyuzi zilipofika Mombasa mwaka 2009 na kupita Malaba, sababu hiyo haina nguvu tena. Pili, tovuti iliyokabidhiwa chombo cha kuhifadhi hudumu kuliko iliyoachiwa bidii ya mtu mmoja, hata awe hodari namna gani. Tatu, kazi ya kutunza isipohesabiwa kuwa kazi, ikalipwa na kupewa alama, haitafanywa.

Wajibu huo una msingi wa kisheria pia. Katiba ya Kenya ya 2010, katika ibara ya 7, yafanya Kiswahili kuwa lugha ya taifa na mojawapo ya lugha rasmi, na yaiamuru dola kukuza na kulinda wingi wa lugha za wananchi. Uganda ilirekebisha katiba yake mwaka 2005 na kukifanya Kiswahili lugha rasmi ya pili. Vyuo vya nchi hizo mbili vina mitandao yake ya elimu, KENET na RENU, ambayo yote ni wanachama wa muungano wa UbuntuNet. Chombo cha kupokelea dhamana hiyo basi kipo, upande huu wa daraja na upande ule.

Msamiati wa Kiteso wa 1958 ulingoja kabatini kwa zaidi ya miaka 60. Msamiati wa aina hiyo ukikusanywa leo Angurai kwa Kiteso na Kiswahili, na kuwekwa katika tovuti ya idara isiyo na mlezi, hautangoja hata miaka mitano. Wazee watakaohojiwa watakuwa wametoa maneno yao mara moja tu, na wengi wao hawatakuwapo kuhojiwa tena. Kwa hiyo kabla idara haijazindua tovuti yoyote ya lugha, ni lazima katika kumbukumbu za kikao chake yaandikwe mambo matatu: nani atalipa ada ya mwaka wa kumi, nani atakuwa na nywila mwaanzishi atakapoondoka, na ni maktaba gani, upande wa Kenya na upande wa Uganda, zitakazopokea nakala iliyochapwa kwenye karatasi.